Namba haijafika, kazi ipo: kisa cha dogo wa Ujiji aliyekwama Dallas

Nianze na kisa chenyewe, uchambuzi utafuata humo humo. Dogo ni mtoto wa shangazi yangu, wa Ujiji kabisa, kazaliwa hapo kakulia hapo. Alishinda ile bahati nasibu ya visa ya Marekani, DV, akapita intavyuu, akalipa zile dola 330 za visa, akasafiri 2023 na akafikia Dallas, Texas kwa mama mmoja Mtanzania anayejuana na familia. Hata hajazoea hewa ya huko akapata kazi kwenye ghala moja kubwa, kufunga maboksi na kupanga mizigo, wakamkubali vizuri tu wakamwambia njoo Jumatatu na makaratasi yako. Jumatatu kaenda. Dada wa HR, ofisi ya utumishi, kamwambia hawezi kumwandikisha mpaka alete vitu viwili, kadi ya Social Security, yaani yenye namba yao ya hifadhi ya jamii, na grinikadi, ile kadi ya mkaazi wa kudumu. Dogo hana hiki wala kile, akaambiwa ukivipata rudi, akaondoka. Akawa anashinda ndani anasubiri barua, wiki zinakatika, na huku Ujiji hela ya tiketi ilitoka kikoba na kikoba hakijui habari za barua.

Mi ni mhasibu, mishahara ya watu ndo kazi yangu hapa Kigoma mjini, kwa hiyo kwenye ukoo karatasi yoyote ikiwashinda naitwa mimi, hata ya nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Na msimamo wangu nauweka mapema: Dogo alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi tangu afisa alipomgongea muhuri pale uwanja wa ndege alipoingilia Marekani. Kilichokuwa hakijafika ni namba na kadi ya plastiki. Hivyo vinakuja kwa sababu ruhusa ipo tayari, sio kwamba ruhusa inasubiri vyenyewe.

Sasa kwa nini watu wazima wote hawa, Dogo, shangazi, baba mdogo, na yule mama mwenyeji mwenye miaka yake kule, walikubali jibu la HR bila hata kuuliza swali moja? Mi naona sababu iko huku huku kwetu. Kigoma mtu anakua akijua bila namba hufanyi kitu. Mnakumbuka 2019 laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ukawekwa Desemba 31 halafu ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020, watu wanaamkia foleni alfajiri wakitafuta ile namba ya NIDA ya tarakimu 20 ambayo nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Huna namba, huna laini, na ukikosa laini hata hela ya dagaa uliyotumiwa na mteja wa Tabora huipokei. Na sisi wa mpakani tuna nyongeza yetu, jina likisikika kama la Burundi au la ng'ambo ya ziwa utaulizwa babu kazaliwa wapi, bibi kazikwa wapi, lete barua ya mtendaji, lete mzee anayekufahamu. Mtu aliyekulia kwenye hayo, akifika ofisini akaambiwa namba kwanza, hashtuki. Dogo hakushtuka. Alimshukuru yule dada akaondoka.

Na mimi mwenyewe kwa kazi yangu naelewa kwa nini mtu wa huku anaamini hivyo, maana kwetu sheria ya kuratibu ajira za wageni ya 2015 inataka mgeni awe na kibali cha kazi kwanza. Mkongo fundi au Mrundi mwalimu, hata kama maombi yameshaingia kwenye mfumo na malipo yamefanyika, kibali kikiwa hakijatoka hakai mezani, na mwajiri atakayemkalisha anajitafutia kesi. Kwetu risiti ya maombi sio kibali, hilo liko wazi. Kosa ni kuichukua hiyo sheria ukaivalisha Texas. Mtu aliyeingia Marekani kwa visa ya mhamiaji hahitaji kibali cha kazi pembeni, akishapokelewa mlangoni ni mkaazi wa kudumu siku hiyo hiyo na kazi imo ndani ya ukaazi wenyewe.

Kikao kilikaa uani kwa shangazi, simu juu ya stuli, spika imefunguliwa, huku saa mbili usiku na kule saa sita mchana. Baba mdogo akasema asubiri, nchi ya watu ile, usijifanye mjuaji. Shangazi hakusema kuhusu sheria, alisema tu kwamba wenzake wa kikoba wamemfuata mpaka mwaloni Kibirizi akiwa anaanika dagaa, na yeye hataki kufuatwa tena. Halafu Dogo akatoa la tatu, kwamba kuna jamaa kule, anaongea Kiswahili kizuri tu, amemwambia kuna kiwanda anaweza kuingia kesho kwa kutumia soshal ya mtu mwingine, mwenye namba anachukua fungu lake kila mshahara ukiingia. Nilichoogopa mimi ni kwamba pale uani watu walilifurahia hilo. Waliona ni kama kuazima laini ya ndugu ili utume hela, si tumefanya wote.

Hapo ndo ilibidi nipandishe sauti, na hapa nataka nikae kidogo maana hii ndo sehemu inayoua watu. Kutumia namba ya Social Security ya mtu mwingine ili upate kazi ni kosa la jinai la serikali kuu ya Marekani. Ukikamatwa nalo hukamatwi kama mtu aliyechelewa karatasi, unakamatwa kama mdanganyifu, na mkaazi wa kudumu mwenye kosa la udanganyifu anaweza kupoteza ukaazi wenyewe. Pia hela unayokatwa kwenye jasho lako, yale makato ya pensheni ya uzeeni, inaandikwa kwenye akaunti ya mwenye namba. Na kuna baya zaidi ambalo yule jamaa hakulisema. Ukitumia namba ya mtu, kwenye fomu ya kuajiriwa itabidi uigize kuwa ni yeye, na kama yeye ni raia utaweka alama kwenye kisanduku cha raia. Kujidai raia wa Marekani ili upate kazi wakati sio raia ni jambo ambalo sheria yao ya uhamiaji haina msamaha nalo karibu kabisa, unaweza kufukuzwa na usirudi tena. Yaani mtu ambaye ana haki kamili ya kufanya kazi anashawishiwa aivunje haki hiyo kwa kujifanya ana haki ya mtu mwingine. Mi naona huu ndo ujinga ghali kuliko wote unaouzwa kwa watu wapya, na unauzwa na watu wa lugha yetu.

Sasa tuje kwenye karatasi. Fomu yenyewe inaitwa I-9. Kila anayeajiriwa Marekani anaijaza, mzaliwa na mgeni, haina upendeleo. Sehemu ya kwanza unajaza wewe, mwisho siku ya kwanza ya kazi. Sehemu ya pili anajaza mwajiri akishaona nyaraka zako, na anazo siku tatu za kazi tangu ulipoanza. Yaani hata kama Dogo Jumatatu ile angekuwa kasahau kila kitu nyumbani, bado angeweza kuanza na kuleta kufikia Alhamisi. Kwenye fomu hiyo kuna karatasi ya orodha tatu za nyaraka, A, B na C. Ukitoa moja ya orodha A imetosha, imeonyesha wewe ni nani na kwamba unaruhusiwa kazi. Ukikosa ya A unatoa moja ya B na moja ya C. Kadi ya Social Security iko C. Grinikadi iko A. Kwa hiyo yule dada wa HR alikuwa anamdai Dogo nyaraka ambazo hata kwa pamoja hazihitajiki, mwenye grinikadi haulizwi kadi ya soshal kwa ajili ya I-9, hapo tu unajua alikuwa anafuata mazoea ya ofisi.

Nikamwambia Dogo, watu wengine wakiwa wameshaondoka uani, washa kamera.

"Fungua pasipoti, ule ukurasa wenye visa."

"Huu hapa kaka."

"Soma maandishi madogo ya herufi kubwa hapo chini."

Akasoma Kiingereza chake cha taratibu, na kilichoandikwa ni kwamba visa hii ikishagongwa muhuri inatumika kama uthibitisho wa muda wa ukaazi wa kudumu kwa mwaka mmoja. Nikamuuliza muhuri upo? Upo, na tarehe aliyoingia ipo. Nikamwambia basi hiyo ndo karatasi yako, iko kwenye orodha A, imeandikwa kabisa pasipoti ya kigeni yenye maandishi hayo kwenye visa ya mhamiaji. Akanyamaza. Halafu akasema kaka mbona hii ninayo tangu Dar.

Ndo hivyo. Alikuwa nayo mfukoni siku ile ile aliyorudishwa.

Nikampigia skrinshoti ile karatasi ya orodha, nikazungushia duara jekundu pale panapohusika, nikamtumia Wasapu, na nikamwambia kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui, kwamba kwa sheria yao mwajiri haruhusiwi kukuchagulia nyaraka. Anakupa orodha, unachagua wewe, na ukileta inayokubalika na inayoonekana ni halali hawezi kusema mi nataka ile nyingine. Kudai nyaraka fulani kwa sababu mtu ni mgeni au anaonekana mgeni ni kosa la mwajiri, na kuna kitengo maalum ndani ya wizara yao ya sheria kinachoshughulikia hilo, kina simu ya bure na wanatafuta mkalimani. Lakini nikamwambia usiende na hilo mdomoni. Nenda na pasipoti na ile karatasi, ongea taratibu, mwombe dada aangalie na wewe pamoja. Mtu wa ofisi ukimwanza na sheria anafunga sikio, hilo ni la Kigoma na la Dallas.

Kaenda. Dada kasoma, kampigia mtu wa makao makuu, kakaa kama nusu saa, karudi na fomu. Hapo kwenye sehemu ya kwanza kuna visanduku vinne: raia, mwenye utaifa wa Marekani asiye raia, mkaazi wa kudumu halali, na mgeni mwenye ruhusa ya kazi. Dogo ni wa tatu. Wanataka na namba ya A, yaani namba ya mgeni kwenye mafaili ya uhamiaji, sio ile orodha A, na Dogo akaogopa maana alijua iko kwenye grinikadi tu, kumbe kwenye visa yenyewe ipo, imeandikwa kama namba ya usajili. Akaijaza. Sehemu ya namba ya soshal akaiacha wazi.

Ikaja kigingi kingine. Kampuni ile inatumia E-Verify, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki waajiriwa, na mfumo huo bila namba ya soshal haukubali kufungua jalada. Dada akataka kumrudisha tena. Utaratibu wa E-Verify wenyewe unasema mtu aliyeomba namba na bado hajaipata, mwajiri asubiri, namba ikija ndo afungue jalada, aandike sababu ya kuchelewa, na huyo mtu anaendelea na kazi muda wote huo. Bosi wa makao makuu alilijua hilo, ikapita. Dogo akaanza kazi zamu ya usiku.

Kwenye mishahara ndo nilikuwa nyumbani zaidi. Fomu ya W-4, ya makato ya kodi, inataka namba. Mfanyakazi akiwa ameomba na haijafika mwajiri anamlipa, anamkata kodi kama kawaida, na namba inaingizwa ikifika. Hata taarifa ya mwaka, W-2, ambayo mfanyakazi anapewa Januari, maelekezo ya mamlaka yao ya kodi yanasema kama namba haijaja ya karatasi iandikwe imeombwa, na ya kielektroniki ziwekwe sifuri, baadaye irekebishwe. Kwa hiyo nchi yenyewe imeshafikiria kwamba kuna watu watalipwa kabla ya namba. Ingekuwa hairuhusiwi wasingeweka sehemu ya kuandika imeombwa. Mi kama mhasibu hilo peke yake lilinitosha.

Ila mtaniuliza, namba ilikuwa imeombwa kweli? Hapa kisa kinageuka. Kwenye fomu ya maombi ya visa, DS-260, kuna maswali mawili karibu na mwisho, moja linauliza kama unataka Social Security wakutolee namba na kadi, lingine kama unakubali taarifa zako zipelekwe kwao. Ukijibu ndiyo kwa yote, ukishaingia kadi inakuja kwa posta yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki tatu hivi. Dogo alikuwa anasubiri hiyo. Fomu yake ilijazwa kwenye stesheni moja, duka la kuchapa makaratasi, pale Mwanga na kijana wa kompyuta, nikamwambia atafute ile nakala aliyoprintiwa, yule mama mwenyeji akampigia picha kurasa, na kwenye hayo maswali kote imeandikwa hapana. Kijana wa watu aliona mtu hana namba, akaelewa swali linauliza kama anayo, akajibu hapana, kazi inaendelea, anayefuata. Yaani Dogo angesubiri mpaka Krismasi.

Dawa yake ni kwenda mwenyewe ofisi ya Social Security na fomu SS-5, pasipoti yenye visa iliyogongwa, na hakuna malipo. Nasisitiza hakuna malipo maana kuna mtu alishamwambia atamsaidia kuomba kwa dola kadhaa. Akaenda siku ambayo hana zamu, wakamhakiki kwenye mfumo wa uhamiaji, wakampa karatasi ya kuonyesha maombi yamepokelewa. Akafurahi, akataka kumpelekea HR kama ushahidi wa I-9. Nikamwambia hapana, usichanganye. Kwenye I-9 risiti ya kuomba nyaraka kwa mara ya kwanza haihesabiki, inayohesabika ni risiti ya kuomba upya iliyopotea, kuibiwa au kuharibika, na hiyo inakupa siku 90. Ruhusa yako imeshathibitishwa na pasipoti, hii mpelekee mtu wa mishahara ili ajue kweli umeomba. Karatasi moja, ofisi moja, watu wawili tofauti, kila mmoja anataka kitu chake. Kadi ikaja kama wiki mbili baadaye.

Na namba ilipofika, mfumo ukaikataa! E-Verify ikarudisha majibu kwamba taarifa haziendani. Shangazi aliposikia akaanza kulia, akasema mwanangu wameshamfunga. Tatizo lilikuwa majina. Kwetu mtu wa Ujiji ana majina matatu, lake, la baba na la babu, na pasipoti inaweka la mwisho kama jina la ukoo na mawili ya mbele kama majina yake. Yule dada wa HR wakati anaingiza alichukua la baba akalifanya la ukoo, la babu akalitupa katikati. Kadi ya soshal imefuata pasipoti, mfumo ukaona watu wawili. Hali hiyo ikitokea kwa kawaida mfanyakazi anaambiwa, anachagua kulifuatilia, na anapewa siku 8 za kazi za serikali kwenda ofisi husika, na katika muda huo mwajiri haruhusiwi kumfukuza wala kumpunguzia zamu kwa sababu hiyo. Kwa Dogo haikufika mbali, dada aliona kosa la kuandika, akafunga lile jalada akafungua lingine lenye majina kwa mpangilio wa pasipoti, likapita siku hiyo hiyo. Lakini naliweka hapa kwa sababu watu wa kwetu wenye majina matatu ni wengi na wengine wameyapanga tofauti kwenye cheti, kwenye NIDA na kwenye pasipoti. Kabla hujaondoka hakikisha unajua pasipoti imeyapangaje, na kila fomu ya kule uandike hivyo hivyo hata kama huku mtaani wanakuita kwa jina la baba.

Grinikadi nayo ilikuwa na hadithi yake fupi. Ina ada ya USCIS, idara yao ya uhamiaji, ilikuwa dola 220 wakati huo, ikapanda mpaka 235 Aprili 2024, unalipa mtandaoni, na bila kulipa haitengenezwi. Ilikuwa imelipwa. Ikafika ndani ya zile siku 90 wanazosema. HR hakuwa na haja ya kuiona wakati huo, maana pasipoti ilikuwa bado iko ndani ya mwaka wake mmoja, ila kabla mwaka haujaisha walikuwa na haki ya kuuliza tena na Dogo akaonyesha.

Pale ghalani Dogo alikutana na mume na mke Wakongo waliotoka Nyarugusu, kambi ya Kasulu, wakawa wanaongea Kiswahili zamu nzima. Wao waliingia kama wakimbizi, hawakuwa hata na visa ya mhamiaji kwenye pasipoti, hawakuwa na pasipoti yenyewe, na walianza kazi bila kusumbuliwa. Dogo akaniuliza iweje. Wao walikuwa na fomu I-94, rekodi ya kuingia nchini, yenye muhuri wa mkimbizi, ambayo kwenye I-9 inapokelewa kama risiti kwa siku 90, na kabla hazijaisha wanaleta kadi ya ruhusa ya kazi au kadi ya soshal pamoja na kitambulisho cha jimbo. Na walikuwa na mtu wa shirika linalopokea wakimbizi aliyewapeleka HR mkono kwa mkono na kuwaombea soshal. Mtu wa DV hana huyo mtu. Anafika na sanduku lake, anategemea mwenyeji, na mwenyeji akiwa aliingia kwa njia nyingine miaka ya nyuma anakupa ushauri wa njia yake. Yule mama wa Dallas hakuwa na nia mbaya hata kidogo, yeye alianza kama mwanafunzi na kwake kanuni zilikuwa nyingine kabisa. Wakimbizi kwa sasa ni habari tofauti, ule mpango ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kuingia ruhusa yao ya kazi inatokana na hadhi yenyewe ya ukimbizi.

Nani wa kulaumiwa? Kijana wa stesheni namlaumu kidogo, anajaza fomu za watu bila kuwasomea. HR namlaumu zaidi, maana kazi yake ndo hiyo, na karatasi ya orodha iko kwenye fomu anayoishika kila siku. Baadhi ya ndugu wanasema kampuni ni nzuri, mwishowe walikubali, tusiseme. Mi siafiki. Mishahara ya karibu mwezi mzima ilipotea kwa mtu mwenye deni, kwa sababu tu aliombwa nyaraka ambazo hakupaswa kuombwa, na sheria yao ilimpa siku 180 za kulalamika kwenye kile kitengo, na mwajiri haruhusiwi kumlipizia kisasi aliyelalamika. Nilimwambia, nikamtafutia fomu na ukurasa wake. Shangazi akasema aache, hela ya kikoba imeshaanza kurudi, mtoto asije akaonekana mkorofi ugenini. Dogo akamsikiliza mama yake, na siku 180 zikapita hivyo hivyo.

Kuna binti wa jirani pale Gungu naye ameshafika hatua ya kujaza DS-260. Amekuja na nakala yake nyumbani juzi jioni, tukafungua moja kwa moja kurasa za mwisho. Yale maswali mawili yalikuwa yameshajibiwa, hapana na hapana, stesheni ni ile ile.